Ukuta wa Jiko Niliouvunja Kabla ya Posa

Yule mama aliyewaangukia wazee wa posa akiwa amefunikwa pazia gubigubi ni mimi, na kama habari hii umeshaisikia hapa Malindi kwa mtu mwingine, jua hakukupa yote, ndiyo maana nimeamua niisimulie mwenyewe kuliko kila nikiingia dukani naona watu wananyamaza ghafla na kuanza kusifia mchele.

Kwanza mnijue. Mimi nashona mapazia, na mteja akija kwangu kutaka pazia haondoki na pazia tupu, namwongezea na ushauri: kitanda kisitazamane na mlango, kabati lisizibe dirisha linaloleta upepo, sofa zisijae hadi mtu akipita na sinia ajipinde kiuno, na chumba chenye joto usikipake rangi nzito hata kama jirani amepaka. Sikuyasomea popote, nimeyapata kwa kuingia nyumba za watu na kutazama. Ukikaribishwa mahali hapa mjini ukaona pametulia na pana hewa, uliza nani alipanga, wengi watakutajia mimi. Sijisifu, nasema lililopo (haya, najisifu kidogo).

Sasa mwaka jana nikapata jiko nililolitaka tangu niolewe. Makabati ya kijani, sinki mbili, meza ya marumaru unayoweza kukandia unga moja kwa moja, kila kitu pahali pake. Lakini jiko lenyewe lilikuwa nyuma ya ukuta, mgeni akija sebuleni halioni, na mimi nikawa nalala naamka nafikiria ukuta ule, kwa sababu kwenye simu nilikuwa nimeona nyumba za watu ambazo sebule na jiko ni kitu kimoja, mwanga unapita, hewa inapita, na mwenye nyumba anapika huku anaonekana. Nikamwita fundi Karisa kutoka mtaa wa Kisumu Ndogo, fundi hodari, tumefanya naye kazi nyingi.

Karisa akashika nyundo lakini hakuinyanyua. "Mama Zuhura," akaniambia, "huu ukuta nikiutoa, siku mkiwa na wageni wa kiume, nyinyi akina mama mtakaa wapi?"

"Wewe vunja," nikamwambia, "mambo ya kukaa niachie mimi."

"Haya mama. Nyumba ni yako."

Ukavunjwa asubuhi moja, na kusema kweli palipendeza sana, nikawaalika majirani waje wanywe chai ili tu wakae sebuleni walitazame jiko. Wiki tatu hazijapita, ikaja habari kwamba wazee wa Mambrui wanakuja kumposa binti yangu Zuhura kwa ajili ya kijana wao Salim. Na kwetu siku ya posa wanaume hukaa sebuleni na maneno yao, sisi wanawake tunakuwa jikoni, na binti mwenyewe haonekani wala hasikiki, ila shangazi yake ndiye humwuliza kama amekubali, na akinyamaza tu huhesabiwa amekubali, kisha shangazi hupeleka jawabu kwa baba. Mume wangu Athmani, mtu wa maneno machache, akasimama pale palipokuwa na ukuta akatazama huku, akatazama kule, akaniuliza, "Mama Zuhura, sasa hapa tutafanyaje?"

Nikamwambia pazia. Mshonaji akikwama hana jawabu jingine. Nikashona la mahameli, zambarau iliyoiva, kutoka darini hadi sakafuni, zito hata kulibeba tukawa wawili. Karisa alipokuja kuliweka akaniambia dari ni ya jipsam, yale mabamba mepesi kama chokaa, haishiki mzigo kama ule, afadhali fimbo ifungwe chini kidogo kwenye kuta za pembeni. Lakini pazia likianzia chini chumba huonekana kifupi (hilo ni kweli, hata leo nawaambia wateja), kwa hivyo nikamlazimisha alifunge darini. Akafunga, lakini alikuwa akitikisa kichwa.

Siku ikafika. Wazee watano wa Mambrui wakaingia na kanzu zao zimepigwa pasi, msemaji wao akiwa Mzee Bakari, mjomba wa Salim, mtu mkubwa wa mwili na heshima zake. Mimi, Zuhura na Shangazi Mwanaisha, dada yake Athmani, tukawa nyuma ya pazia. Wanaume wanaongea chini kwa chini kama ilivyo adabu ya posa, pangaboi linazunguka juu yao, basi sisi hatukusikia neno hata moja, na kwa kuwa hatukuwasikia, tukaamini kabisa kwamba nao hawatusikii. Mahameli lilivyokuwa zito nikasahau kwamba ni kitambaa.

Tena Shangazi Mwanaisha masikio yake yamechoka, ukitaka akusikie sharti upaze sauti. Nikapeleka sinia ya sambusa kwa kuipenyeza pembeni, Athmani akaipokea, na ilipotaka kuongezwa, kwa kuwa pale pembeni nilikuwa nikichungulia na kuhesabu, nikamwambia shangazi, kwa ile sauti ya kumfikia yeye, "Huyu mjomba kala sambusa sita peke yake, utadhani ndiye anayeoa." Shangazi akacheka hadi akashika meza.

Kisha akafuta machozi, akamgeukia Zuhura. "Haya mwanangu, wamekuja watu wa heshima, na Salim unamjua. Utakaa kwa mamake kule Mambrui, wameshakutengea chumba. Ukinyamaza nitamwambia babako umekubali."

Zuhura hakunyamaza. Huyu mtoto nimemzaa mimi, tangu mdogo hasemi mara mbili, lakini siku ile ilibidi aseme mara mbili maana mara ya kwanza shangazi hakumsikia. Mara ya pili alisema hivi, kwa sauti iliyojaa jiko lote:

"Shangazi, Salim namtaka. Mamake pia nampenda. Lakini chumba cha kwa mama mkwe sikitaki. Nataka nyumba yangu, hata kama ni ya vyumba viwili, mlango wangu, jiko langu. Kama hilo halipo, mwambie baba sijakubali."

 Halafu nikasikia kikohozi kimoja upande wa pili wa pazia, wazi kabisa, kama mtu amekohoa mezani kwangu, na hapo ndipo nilipong'amua kwamba kama mimi nimekisikia kikohozi, wao wamesikia yote, tangu sambusa. Nikaona posa ya mwanangu inaondoka mlangoni na kanzu tano. Sijui nilitaka kufanya nini, nadhani nilitaka kuchungulia niuone uso wa Athmani, basi nikalishika pazia, na mguu wangu ukaukanyaga upindo wake. Fimbo ikang'oka darini na vipande vya jipsam. Nikaenda chini na mahameli yote juu yangu, mbele ya miguu ya wazee wa Mambrui, nimezongwa hata ukucha hauonekani (kwa stara hakuna atakayenilaumu). Zuhura akakimbilia nyuma ya mlango wa friji. Shangazi akabaki amesimama na kijiko, akawaamkia.

Nilikataa kutoka. Nikalala humo ndani nikiomba sakafu ipasuke. Nikamsikia Athmani akianza kuomba radhi, na Mzee Bakari akamkatiza taratibu.

"Bwana Athmani, usiombe radhi. Nimeposa nyumba nyingi, na kila mara jawabu nimeletewa na watu wengine. Leo nimelisikia kwa mwenyewe. Sisi tulikuja na chumba, binti anataka nyumba, na ana haki yake. Salim ana kiwanja, atajenga kwanza. Mkituona tunarudi kuweka siku, jueni nyumba imeisha." Kisha akaongeza, "Na mwambie mama aliye humo ndani, zilikuwa saba."

Aibu niliyoona siwezi kuipima. Lakini chini ya lile pazia, na vumbi la jipsam puani, kilichonijaa kifuani kilikuwa fahari, kwa sababu mwanangu alikuwa amesema analolitaka mbele ya wazee watano, na wazee watano wamemsikiliza.

Ukuta nimeurudisha, Karisa aliujenga bila kunisema hata neno, na nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa kazi. Na nimeapa, mteja akiniambia anataka kuvunja ukuta, simjibu mpaka kwanza aniambie nani huja nyumbani kwake, na wakija, mama wa nyumba huwa wapi.

Zuhura sasa anakaa Mambrui kwenye nyumba yake ya vyumba viwili. Nikienda kumtazama napiga hodi kama mgeni yeyote, naye ananiambia kutoka ndani, "Subiri kidogo, mama," nami nasubiri nje ya mlango wa mwanangu, nikiwaamkia wapita njia ili wajue ni kwa nani nimesimama.