Udongo wa Munyiva Kwenye Kitabu cha Wageni

Munyiva alipostaafu kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja mjini, wenzake walimpa saa ya ukutani wakamwambia apumzike. Alijaribu. Kwa wiki mbili alikaa katika nyumba yake ya orofa ya tatu, Kilimani, akiitazama saa na saa ikimtazama. Wiki ya tatu aliamua kulima.

Shamba lake lilikuwa balkoni yenye urefu wa kitanda. Alitafuta ndoo sita, akazitoboa chini kwa msumari wa moto ili maji yapate pa kutokea, kisha akashuka hadi Barabara ya Ngong wanakouza miche. Muuzaji mmoja, Dan, alimpa magunia mawili ya udongo mweusi tititi.

"Hii ni ya msitu, mathe," Dan akasema. "Ukipanda hata kijiko, itaota."

Kijiko kweli kilikuwamo, pamoja na kipande cha kigae na saruji iliyoganda kama andazi la juzi. Munyiva alivitoa, akapanda sukuma wiki. Kila alipomwagilia, maji yalisimama juu kama kwenye beseni. Baada ya siku kumi miche iligeuka manjano, ikalala.

Hapo ndipo alipomkumbuka mama yake kule Makueni, ambaye hakupanda kitu kabla ya kuufumbata udongo. Unauloanisha kidogo, unaukamua kiganjani. Ukimwagika wote, ni mchanga, hautashika maji. Ukibaki bonge gumu lenye alama za vidole, ni mfinyanzi, utainyima mizizi pumzi. Ukishikana, halafu ukavunjika ukiguswa na kidole, huo ndio. Munyiva aliufumbata udongo wa Dan. Lilitoka bonge la kujengea choo, na kiganja chake kikabaki cheusi kwa masizi.

Akajaza chupa ya jemu udongo na maji, akatikisa, akaiacha itulie. Kesho yake alimpelekea Dan. Chini kulikuwa na mchanga kiduchu, katikati tabaka nene la mfinyanzi mwekundu kama wa kuchimbua msingi wa ghorofa, juu maji ya masizi. Hapakuwa na hata jani moja lililooza.

"Msitu uko wapi?" Munyiva akauliza.

Dan aliiinua chupa juani, akaikagua sana. "Mathe, hii biashara nimefanya miaka nne," akasema kwa huzuni ya kweli. "Sijawahi angalia ndani."

Aliomba aachiwe chupa akamwonyeshe anayemuuzia.

Munyiva akaenda Woodley kwa Nyawira, rafiki yake wa kanisani, ambaye uani kwake kuku walikuwa wamechakura kwa miaka thelathini. Aliufumbata udongo wa huko. Ukashikana, ukavunjika. Ukanukia mvua ya kwanza, na nyungunyungu mmoja akatoka kati ya vidole vyake kama mwenye haraka.

"Beba," Nyawira akamwambia. "Lakini usiniachie shimo refu, majirani watauliza nimezika nani."

Teksi ilimshusha na magunia yake getini, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mlinzi, Kiragu, alikuwa mtu mwaminifu, na asubuhi ile alikuwa amepewa sheria mpya: kila kinachoingia kiandikwe. Kitabu kilikuwa kimoja tu, cha wageni, na Kiragu hakupenda kuacha nafasi wazi. Akaandika: *Jina: Udongo. Anatoka: Woodley. Anaenda: C12. Kitambulisho: Hana.*

"Atatoka saa ngapi?"

"Kiragu, ni udongo. Hautoki."

Kiragu akaandika: *Hajui.*

Saa kumi na mbili jioni simu ya Munyiva ililia. "Mama, pole kukusumbua. Mgeni wako bado?" Ikawa hivyo kila jioni. Siku ya tisa mwenyekiti wa wapangaji, Clifford, alikikagua kitabu, akabisha mlango wa Munyiva, C12, akiwa amevaa tai.

"Mama, kuna mtu unaishi naye bila idhini. Kitambulisho hana, na siku tisa hajatoka."

"Ni udongo."

"Jina lake nimeliona."

Munyiva alimpeleka balkoni. Clifford aliziangalia ndoo sita, moja baada ya nyingine. Akafungua kifungo cha shati. Shida ni kwamba alikuwa ameshawatangazia wapangaji wote kwenye kundi la WhatsApp kuwa kuna mgeni wa ajabu orofa ya tatu.

"Kitabu kikishaandikwa, kimeandikwa," akasema hatimaye. "Ama aondoke, ama asajiliwe."

"Lete fomu," Munyiva akasema.

Aliijaza kama alivyozoea, bila kuruka mahali. *Kazi: Mkulima. Umri: Mkubwa.* Clifford akapiga muhuri, na Udongo akawa mpangaji.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mkutano wa kuchagua mwenyekiti wa kamati ya mazingira. Hakuna aliyeitaka kazi hiyo, maana nyuma ya tangi la maji palikuwa na rundo la takataka za ujenzi tangu jengo lianze. Clifford alisoma majina. Mmoja alisema mgongo unamuuma, mwingine alikuwa anahama.

"Udongo, C12?"

Clifford akatazama huku na huku.

"Hayupo," akasema.

"Huyo basi!" Wanjira wa orofa ya chini akapaza sauti bila kuinua macho kwenye simu. Mikono ikapanda. Munyiva aliinua wake ili apinge, nao ukahesabiwa.

Basi Munyiva akafanya kazi kwa niaba ya Udongo, mwenyekiti wa kamati. Rundo likaondolewa. Akawafundisha majirani kuozesha maganda ya jikoni kuwa mboji, na kuchanganya udongo makarai mawili, mboji moja, samadi ya kuku moja, tena iliyoiva, maana mbichi huunguza mizizi. Kila gunia lililoingia Kiragu aliliandika kama ndugu wa Udongo. Hata Clifford alishuka siku moja na tai yake, ameufumbata udongo.

"Mama, huyu anafaa?"

Munyiva akaligusa bonge. Likavunjika. Clifford akatabasamu kama aliyefaulu mtihani.

Clifford alikuwa amepeleka mjini majina ya wenyeviti wa kamati, na baada ya miezi miwili ikaja barua: Bwana Udongo anaalikwa kwenye semina ya viongozi wa majengo, katika hoteli moja mjini. Munyiva alivaa gauni lake la buluu akaenda, akabandikwa kifuani kadi iliyoandikwa UDONGO. Akapewa kipaza sauti, kitu ambacho hakuwahi kukishika maishani. Akaeleza habari ya kufumbata, kwa sababu ndiyo aliyoijua, na wenyeviti wa majengo wakaanza kuandika.

Wakati wa chakula wenyeviti saba walijipanga mbele yake, kila mmoja amekamua kiganjani udongo aliouchota kwenye vyungu vya maua vya hoteli. Mhudumu alisimama kando na trei, hajui amripoti nani kwa nani. Munyiva aligusa bonge moja moja kwa kidole, kwa utaratibu, akawaambia ule ulikuwa udongo mzuri, ila ulikuwa na njaa ya samadi.