Safari ya Kumuuliza Mwende

Nilitoka kwangu Kabati, huko Kitui, kwa sababu ya simu ya kaka yangu Musyoka. Yeye anaishi Matiliku, kule Makueni, na si mtu wa kupiga simu bure. Alisema Jumamosi wageni wangeleta mbuzi wa ntheo kwa ajili ya binti yake Mwende, na kwamba mimi shangazi ndiye wa kumuuliza. Kwa wasiojua mila zetu sisi Wakamba, ntheo ni mbuzi wanaoletwa na upande wa mwanamume, na wakishachinjwa na kuliwa, ndoa imeshika. Lakini kisu hakiguswi mpaka msichana aitwe mbele ya wazee na aulizwe kama mbuzi waliwe. Akikataa, wanarudi walikotoka.

Shida ni kwamba Mwende ni kiziwi. Aliugua akiwa mtoto na masikio yakafa. Alisoma shule ya bweni ya viziwi, akarudi nyumbani na lugha ya ishara ambayo hakuna mtu pale anayeijua. Sisi tulikuwa na ishara zetu za jikoni: kula, maji, njoo, kanisani, na ile ya kufukuza kuku. Kaka alinichukulia kuwa mtaalamu kwa vile mimi na Mwende tunapenda kuchekeshana. Simu ilipokatika nilikaa pale dukani kwangu, ninaposhonea watu nguo, nikawaza. Kwa ishara ya kufukuza kuku, utamuulizaje mtu kama anataka kuolewa?

Jumatano asubuhi nilifunga duka, nikaacha ufunguo kwa jirani. Sikuelekea Matiliku moja kwa moja. Nilipita Kitui mjini, nikashika barabara ya Kanyangi, kwa rafiki yangu wa kanisani, Mama Kioko. Mke wa mwanawe, Ndinda, ni kiziwi, na Mama Kioko mwenyewe alijifunza ishara uzeeni, akasema asingekubali kukaa na mkazamwana bila kusengenya watu pamoja naye.

Kanyangi nilikuta ni wakati wa kuvuna ndengu. Kila uwanja ulikuwa na turubai na vumbi. Ndinda alikuwa ameketi akipepeta, mgongo wake kwangu, nami nikamsalimia kwa sauti kama ninavyomsalimia kila mtu.

"Hata upige nduru isikike Kitui," Mama Kioko akaniambia, "huyo hageuki. Zunguka mbele akuone. Au mguse bega, polepole."

Nikazunguka. Nikaketi mlangoni, na Ndinda akanionyesha kwa mkono nihame. Jua lilikuwa nyuma yangu na uso wangu ulikuwa giza tupu. Nikahama. Tukaanza masomo, Mama Kioko akitafsiri huku akichambua mawe kwenye ndengu, na mara Ndinda akapiga ungo kofi hadi nikaruka.

"Anasema unaangalia chini," Mama Kioko akasema.

"Ni heshima, jamani. Nitamkodolea macho mtu nisiyemjua?"

"Anasema ukiangalia chini umemfunga mdomo. Maneno yake yako hapa," akaonyesha mikono, "na hapa," akaonyesha uso. "Heshima yako peleka kwa wenye masikio."

Nilicheka, lakini lilikuwa somo gumu kuliko yote. Mikono yangu ilijifunza haraka, maana ni mikono ya cherehani. Macho ndiyo yalikuwa yanatoroka. Nilijifunza pia kwamba ukiuliza, nyusi nazo lazima ziulize, na kwamba ukishauliza unangoja. Mimi kungoja sijui. Mteja akisita kidogo tu dukani, nimeshamchagulia kitambaa.

Alhamisi jioni nilimweleza Ndinda habari ya ntheo. Akaacha ungo. Alinitaka nimwonyeshe jinsi nitakavyouliza, nami nikamwonyesha: unakubali? Akatikisa kichwa kuitikia, akitabasamu vizuri kabisa. Nikafurahi. Kisha akanifanyia ishara ndefu ya hasira kidogo.

"Anasema hakuelewa hata kitu kimoja," Mama Kioko akatafsiri. "Ulifanya ishara vibaya. Ameitikia tu. Anasema alipokuwa msichana kwao aliitikia kila kitu. Mtu akimsemesha, anaitikia, mtu anafurahi, anaenda zake. Ukiona kichwa kinaitikia, usiamini. Uliza swali ambalo kichwa hakiwezi kujibu."

Ijumaa nilitaka kuondoka, Ndinda akakataa. Alinirudisha kwenye kiti mpaka nikaweza kuuliza mambo mawili bila kukosea: hawa wamekuja kwa nini, na wewe unataka nini. Nilimshukuru kwa ishara na kwa kinywa: muvea, muvea muno.

Jumamosi alfajiri nikapata gari, tukavuka mto Athi, maji yake machache na mchanga mwingi, tukapita Wote, na nikafika Matiliku jua likiwa limepanda. Wageni walikuwa wamenitangulia. Mbuzi walikuwa wamefungwa nyuma ya nyumba. Wazee wa pande zote mbili walikuwa sebuleni, madirisha yamefunikwa mapazia ya sherehe. Kijana mwenyewe, Kimanzi, alikuwa ameketi karibu na mlango na suti yake, mtu mpole tu, fundi wa mbao.

Nilimkuta wifi jikoni. Nikamuuliza kama Mwende anajua leo ni nini.

"Anajua. Nilimwonyesha nguo mpya, akaitikia," akasema.

Kabla sijamfikia Mwende, aliitwa. Alipita mbele yangu amejitanda leso, na mama yake akamwinamisha kichwa kwa mkono, kwa sababu msichana wa Kikamba akiulizwa habari ya ndoa huangalia chini. Wengine wote wanaweza kuinama na bado wakasikia. Mwende akiinama, mlango wa mwisho umefungwa. Nilikuwa nimehudhuria ntheo nyingi na sijawahi kuliona hilo.

Kaka akaonyesha upande wa mbuzi kwa mkono, wifi akamgusa Mwende kiwiko, na Mwende akaitikia kwa kichwa.

Vigelegele vikapasuka. Mtu mmoja akainuka kufuata kisu.

"Ngojeni," nikasema. "Hajaulizwa."

"Ala! Si umeona amekubali?" kaka akasema. "Wacha kutuchelewesha, dada. Hawa watu wametoka mbali."

"Ulinipigia simu nije niulize. Basi nimekuja kuuliza. Na nitamuulizia nje, hapa ndani ni giza."

Minong'ono ikaanza. Nilikuwa naogopa, sitaficha. Aliyeniokoa ni mzee wa upande wa Kimanzi, msemaji wao.

"Mila ni kuuliza," akasema. "Sisi hatutaki mke wa kuokota. Aulizwe."

Tukatoka wote uani. Nikamweka Mwende mbele yangu, jua likinipiga mimi usoni, nikamshika kidevu nikakiinua mbele ya wazee. Wifi akashtuka. Nikauliza kwa mikono: hawa watu wamekuja kwa nini?

Macho yake yalifunguka. Hakuna mtu pale nyumbani aliyewahi kumsemesha kwa lugha yake. Akajibu haraka mno, nikamwambia polepole, akarudia. Wamekuja kunichukua.

Nikauliza la pili: wewe unataka nini?

Alimtazama mama yake, akawatazama mbuzi, akamtazama Kimanzi. Mtu akakohoa. Kaka akafungua mdomo, nikamnyooshea kiganja. Nikangoja, na ninawaambia, sijawahi kubeba mtungi mzito kama ule. Kisha mikono ikainuka, nami nikatamka kwa sauti kila nilichokiona.

"Anasema: simjui. Hajawahi kuongea na mimi. Sitaki."

"Uliza tena," kaka akasema.

Nikauliza tena. Akajibu yale yale, na sasa ishara zake zilikuwa kubwa, hata asiyejua kitu angeelewa. Kimanzi akavua kofia.

"Mimi niliambiwa amekubali zamani," akasema, na nilimwamini. Mzee wao akaenda mwenyewe kufungua mbuzi. Hakugombana. Alisema tu, "Ntheo hii haiwezi kuliwa."

Wakati wageni wanaondoka, Mwende alimgeukia baba yake na kufanya ishara moja zaidi.

"Anasema nini?" kaka akaniuliza.

Laiti nisingeielewa. "Anasema: baba, kwa nini hukuniuliza wewe?"

Musyoka hata angekuwa na jibu, hakuwa na ishara ya kulitolea. Siku hiyo tulikula muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, uliobaki kutoka jana yake, kila mtu kona yake.

Jumatatu nilikuwa Kabati, nimefungua duka. Wanawake wa kanisani wakaja kuuliza nyama ilikuwaje, nikawaambia hapakuwa na nyama, wakanionea huruma. Tangu hapo mteja akisita, nanyamaza, na kumbe watu huchagua vizuri tu wakiachwa. Lakini kilichonifaa zaidi katika safari ile nilikipata Jumapili, siku ya kuondoka, nikiwa bado Matiliku.

Kaka alinisindikiza barabarani akinibebea mkoba. Tulipofika mahali pa kungojea gari akasimama, akatazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Dada, ile ya kuomba msamaha inafanywaje?"

Nilikumbuka siku zote za Kanyangi, nikatafuta, sikuipata. Ndinda hakunifunza.

"Siijui," nikamwambia. "Muulize Mwende."

Akaweka mkoba wangu chini, palepale kwenye vumbi, akageuka kurudi nyumbani, na hakungoja gari lije.