Kata ya Mbege Ukweni

Wenseslaus wa Kilema alimkosa mkewe kwanza, pombe akaiacha baadaye. Hapo ndipo alipokosea, na mwenyewe hakatai. Theodora alimvumilia miaka tisa. Siku mume alipouza ng'ombe wao wa maziwa, akarudi jioni akiimba, mama wa watu alifunga kanga zake akarudi kwao Kirua. Hawakuwa wamejaliwa mtoto, kwa hiyo nyumba ikabaki na Wenseslaus na kuku wawili.

Mwaka 1997 kahawa haikuwa na bei, watu waking'oa mibuni wapande nyanya. Jumapili moja padre akatangaza kwamba Moshi mjini kuna kikundi cha watu walioacha pombe, hukutana kila Alhamisi saa tisa nyuma ya karakana ya useremala. Wenseslaus akashuka. Akaizunguka ile karakana mara tatu akijifanya anatafuta mbao. Mwishowe akatoka mama mmoja mnene, Magreth, mkubwa wa kikundi, akamuuliza anataka nini.

"Namwulizia ndugu yangu," Wenseslaus akasema. "Anasumbuliwa na pombe."

"Mlete basi. Na akija avae hivyo hivyo viatu vyako, tutamfahamu."

Jamani, aliingia! Alhamisi ya kwanza alikaa karibu na mlango. Ya nne akasimama, akataja jina lake na kwamba yeye ni mlevi, akalia kama mtoto. Wakamfundisha kusema leo sinywi, leo tu, na kesho aseme tena. Miezi minane ikapita hivyo, mikono ikaacha kutetemeka. Lakini pale pombe ilipotoka pakabaki wazi, na Theodora akapajaza pote. Alimkumbuka hata anavyokohoa. Akimenya ndizi, anamenya za watu wawili, kisha anakaa anazitazama.

Sasa, huku kwetu mke aliyerudi kwao harudishwi kwa barua. Unakwenda ukweni na jani la isale mkononi, la kuombea msamaha, na mbege, pombe yetu ya ndizi, unabeba. Na mwenye kuleta mbege huonja kwanza mbele ya wakwe, wajue haina ubaya. Wenseslaus akalipeleka jambo hilo kwenye kikundi.

"Ni funda moja tu," akasema.

"Funda moja!" Magreth akacheka bila furaha. "Hilo nalijua mimi. Lina ndugu zake, na wote huwa wako njiani."

Hakulala vizuri wiki nzima. Jumamosi akaenda Kirua na kaka yake Filemon, ambaye ndiye aliyebeba dumu la mbege. Baba mkwe, mzee Kornel, alikuwa uani na ndugu zake wawili. Wakasalimiana, isale likapokelewa vizuri tu. Theodora alisimama mlangoni pa jiko, amekonda, kajifunga kitambaa cha buluu. Wenseslaus alipomwona moyo ulimruka, akasahau hata alichotaka kusema.

Filemon akachota mbege, akampa kata. Harufu ikampanda puani, mate yakamjaa mdomoni. Asikudanganye mtu kwamba hakuitaka. Aliitaka! Na mkewe alimtaka, na vyote viwili vilikuwa pale pale, karibu naye. Akaishusha kata kutoka mdomoni, mbege ikamwagikia vidole.

"Baba," akasema, "nikionja hii, utakuwa umemkabidhi binti yako kwa mlevi yule yule. Nisamehe. Siwezi."

Filemon akanyoosha mkono aichukue kata.

"Nionje mimi, sisi ni damu moja," Filemon akadakia.

"Thubutu! Aliyekosa ni wewe?" Mzee Kornel alikwisha simama. "Mtu asiyeonja pombe aliyoileta mwenyewe ana neno moyoni. Rudini nayo. Binti yangu hatoki hapa maadamu mimi ni hai."

Theodora alimsindikiza mumewe hadi njiani, Filemon akatangulia na dumu lake.

"Ungeonja nisingerudi kwako kamwe," akamwambia. "Nimeapa nikiwa pale mlangoni."

"Na sikuonja. Kila Alhamisi naenda kwenye kikundi cha walioacha pombe, kule Moshi, nyuma ya karakana ya useremala."

"Hukuonja. Na baba amekataa. Siwezi kumkaidi, Wenseslaus. Ni mgonjwa wa presha, na chakula chake napika mimi."

Wakasimama pale wakilia wote wawili, wapita njia wakiwapisha. Kisha Theodora akarudi kwa baba yake.

Alhamisi iliyofuata Wenseslaus alipoingia kikundini alimkuta mkewe kwenye benchi karibu na Magreth, kikapu cha maparachichi miguuni. Kwao alikuwa ameaga anakwenda sokoni, na sokoni kweli alipitia. Tangu siku hiyo hakosi. Ni mwaka wa tatu sasa. Wanakaa bega kwa bega, wameshikana mikono, mpaka Magreth anawatania.

"Ninyi wawili, hapa mmefuata mkutano au uchumba?"

Watu wanacheka, nao wanacheka. Saa kumi na moja Wenseslaus anampandisha mkewe gari la Kirua, anangoja mpaka liondoke, ndipo anapanda la Kilema. Akifika nyumbani anafungua kufuli, anasimama kizingitini, na anapiga hodi. Anajua fika hakuna mtu. Anasubiri kidogo, halafu anaingia.