Namba za Saa Nane

Maalim Ridhwan alikuwa mtu wa saa. Watoto wa madrasa yake, ghorofa ya pili juu ya maduka ya vitambaa huko mjini, walijua kwamba ukichelewa dakika tano utasimama mlangoni mpaka sura iishe. Kwa hiyo paka wa binti yake alipopatikana na ugonjwa wa sukari, kazi ya sindano ilimwangukia yeye, si Nabiha, ambaye hurudi kutoka ofisini Westlands saa yoyote foleni ya magari itakayomruhusu. Saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, paka ale kwanza, kisha achomwe yuniti mbili za insulini. Asipokula, hachomwi. Paka mwenyewe aliitwa Halua kwa ajili ya rangi yake tu, lakini majirani wa Parklands walicheka wakachoka: mmemwita Halua, mlitarajia augue nini?

Maalim naye alikuwa na sukari, mwaka wa kumi na mmoja sasa. Sindano zake zilikaa rafu ya juu ya friji, za paka rafu ya chini. Daktari wake alikuwa amemkataza kufunga, na Nabiha aliamini kwamba Ramadhani hii baba yake anakula mchana huko huko mjini.

Hakuwa anakula. Siku ya mfungo mosi, Afnan, mtoto wa miaka tisa aliyefunga kwa mara ya kwanza, midomo imemkauka, alimuuliza mbele ya wenzake: "Maalim, na wewe umefunga?" Maalim ndiye aliyewafundisha kwamba mgonjwa ana ruhusa, na kwamba ruhusa ni zawadi ya Mungu. Lakini mbele ya midomo ile aliona haya. "Nimefunga," akasema. Na kwa kuwa hakutaka kubeba uongo mwezi kama ule, akaugeuza uongo kuwa kweli. Mtu mzima na kilemba chake! Daku alikula na Nabiha, naye Nabiha akadhani anamsindikiza tu. Akimaliza, alijichoma dozi yake nzima, kisha akashinda na njaa.

Vijiti vya kipimo chake vilipoisha, aliogopa kununua vingine asije akaulizwa mbona anajipima sana. Akawa anatia mfukoni mwa kanzu kipimo cha paka, kile walichompimia sukari kila asubuhi. Kila saa nane mchana, mikono ikianza kutetemeka, alijidunga kidole, akaitazama namba, akakifunika kipimo. Saumu, alijiambia, ndivyo ilivyo. Jioni alikirudisha mahali pake. Asichokijua ni kwamba kidude kile hakisahau.

Jumamosi ya mfungo kumi na tisa, saa tisa na nusu alasiri, baba na binti waliketi na Halua kapuni mbele ya Daktari Kitavi, kwenye kliniki ndogo ya wanyama Westlands. Halua alikuwa amekonda, na maji anakunywa kama ng'ombe. Maalim alikuwa akitokwa na jasho la shingo, akalipangusa kwa leso. Daktari alimpima paka sikioni, akapata ishirini na tano, sukari iliyopanda mno, wala hakushtuka.

"Paka akiogopa sukari hupanda, so ya hapa siiamini sana. Mlikuja na mashine ya nyumbani?"

Nabiha akaitoa mkobani. Daktari akawa anabonyeza, akirudi nyuma siku baada ya siku. Halafu akaacha kubonyeza.

"Nani huchoma huyu paka?"

"Mimi," akasema Maalim.

"Mzee, asubuhi ako ishirini na tatu, ishirini na mbili. Sawa. Lakini ona saa nane mchana. Mbili nukta tisa. Mbili nukta saba. Jana, mbili nukta tatu!" Akainua macho. "Hii ni namba ya kuanguka. Ni ya kulala na kukosa kuamka. Sijui ako hai aje."

Maalim aliitambua namba ile. Jana saa nane herufi zilimchezea ubaoni, akawaambia watoto wajisomee, akashika ukuta. Alikuwa anakufa mbele yao, na kufa huko akakuita subira.

"Baba!" Nabiha alishika mdomo. "Unampa ngapi?"

"Mbili, mwanangu."

"Hizo mbili zimemzidi," daktari akasema. "Inashuka sana mchana, halafu mwili unairusha juu, ndiyo unaona hizo za asubuhi. Tunakata. Kuanzia leo jioni, nusu yuniti." Akavuta karatasi, akaanza kuandika.

Maalim alimtazama paka. Sukari ya Halua haikuwa imeshuka hata siku moja. Alihitaji kuongezwa dawa, na sasa anapunguziwa. Atakonda hivi hivi mpaka aishe, na Nabiha atalia bila kujua ni nani aliyemuua. Ili siri yake ibaki siri, Maalim alihitaji kunyamaza tu. Mficha maradhi, kilio humfichua. Methali hiyo aliwahi kuwaandikia watoto ubaoni kwa mkono wake mwenyewe. Aliona aibu, akaona na hofu, na kalamu ilikuwa inaendelea.

"Usiandike, daktari," akasema. "Namba za saa nane si za paka. Ni zangu."

Nabiha akageuka. "Zako vipi?"

"Nafunga."

"Tangu lini?"

"Tangu mosi."

  Daktari hakuomba ruhusa. Alikishika kidole cha Maalim, akakidunga, akasoma.

"Mbili nukta nne. Mzee, keti chini."

"Nimeketi," akasema Maalim.

Daktari alivuta droo, akatoa bomba lisilo na sindano, limejaa maji mazito ya glukosi. "Hii huwa ya paka wakizimia. Sukari ni sukari. Meza saa hii."

"Zimebaki saa tatu tu tufuturu."

Nabiha alilichukua bomba, akapiga magoti mbele yake.  Maalim akasema bismillahi, akafungua mdomo, na ule utamu ukamshuka kooni pamoja na machozi.

"Kila asubuhi nakuuliza kama paka amekula," Nabiha akasema. "Wewe sikukuuliza hata siku moja."