Walingoja Nianze Kula

Siku ile mezani kwangu, karibu na Porte de Namur, nilikuwa na mdogo wangu wa kiume na vijana watatu wa asili ya Korea: kijana na dada yake, wote wazaliwa wa hapa Brussels, na msichana aliyeletwa huku akiwa mchanga akalelewa na Wabelgiji. Walikuwa na kikundi chao cha kupinga dhihaka za shuleni, wenzao wanapovuta macho pembeni kuwaiga, na sikukuu ya shule ya kuvaa mavazi ya kuigiza ambayo kila mwaka hugeuza sura zao kuwa kinyago.

Mdogo wangu alikuwa amesimamishwa masomo kwa kumsukuma mwenzake aliyemwita nyani. Mwenye tusi hakuguswa. Yule dada mzaliwa wa hapa, anayesoma na mdogo wangu, alisikia yote, na mchana ule tulikuwa tunakwenda kwa mkurugenzi wa shule.

Niliwapakulia bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Hawakugusa. Nami sikugusa, kwa sababu kwetu Lubumbashi mwenyeji hamtangulii mgeni. Bukari ikapoa. Nilianza kudhani wanaona kinyaa, hadi mdogo wangu alipouliza. Kijana akacheka, akaeleza kuwa kwao mkubwa asipoanza, hakuna anayekula.

“Mimi nimeyajua haya juzi tu,” akasema yule aliyelelewa na Wabelgiji. “Nyumbani tuligombania viazi.”

Nikamega tonge, nao wakala.

Nilimwomba kijana atusemee kwa mkurugenzi. Wazazi wetu walipokufa niliacha shule ili nimlee mdogo wangu, na Kifaransa changu ni cha ofisi ninazosafisha. Alikataa. Alikuwa ameshazoea kuniita yaya, kama anavyoniita mdogo wangu, maana kwetu yaya ni ndugu mkubwa.

“Yaya, sisi tutasema tuliyosikia. Mlezi wake ni wewe. Anza wewe.”

Shuleni nikaanza mimi. Nilimwambia mkurugenzi kwamba mdogo wangu amekosa na ataomba radhi, na aliyemwita nyani naye aombe. Akauliza nani alisikia. Yule dada akasimama, akasema yote, pamoja na matusi aliyotukanwa yeye mwenyewe.

Mdogo wangu alirudi darasani. Sikukuu ya mavazi haikufutwa. Yule dada sasa anaitwa mchongezi, na kwenye benchi hakuna anayekaa naye.

Asubuhi ya sikukuu vijana wale watasimama langoni mwa shule na mabango. Msimamizi wangu kule Schuman, ninakosafisha, bado hajaniruhusu kukosa kazi. Nitakwenda langoni hata hivyo. Binti yule alimsemea ndugu yangu mbele ya watu, na mimi sijamsemea bado.