Wanawake kwenye Ukuta wa Hajja Kheira

Pale mjini Mostaganem, kwenye kichochoro kinachoteremka kutoka msikitini hadi kwenye tanuri la mikate, kuna ukuta mrefu ambao wanaume wameufanya baraza yao. Baada ya swala ya alasiri wanakuja mmoja mmoja, wanaweka mgongo, wanakunja goti, wayo wa kiatu ukutani, na kazi imeanza. Tunawaita watu wa ukuta, na wao hawaoni vibaya kuitwa hivyo. Mabega yao yameacha madoa meusi kwenye chokaa, kila bega na doa lake.

Mwenye ukuta ni mjane, Hajja Kheira. Kila mwaka Ramadhani ikikaribia anaupaka chokaa kwa fedha yake, na Idi haijafika umeshakuwa mweusi. Yeye mwenyewe hajawahi kusimama upande wa nje wa ukuta wake. Angesimama kufanya nini?

Wassila Benhamza, mwalimu wa kuchora, amepita hapo tangu akiwa na mikia miwili ya nywele. Amepita na mkoba wa shule, amepita na kapu la sokoni, amepita siku ya msiba wa baba yake, na kila mara alijua sheria: macho chini, mwendo wa haraka, na mkononi uwe na kitu cha kukutolea ushahidi kwamba unakwenda mahali. Mwanamume akisimama njiani, anapunga upepo. Mwanamke akisimama, anatafuta kitu, na kitu chenyewe watu wameshakijua. Jambo hilo lilimkaa rohoni Wassila, likamchoma mpaka akashindwa kuvumilia.

"Hajja, nipe ukuta wako," alimwambia siku moja.

"Uende nao wapi, binti yangu?"

"Niuchore."

Hajja alicheka, kisha akafungua ua wake. Majirani wakaja, wakajipanga upande wa ndani wa ukuta uleule, Wassila akiwachora kwenye karatasi. "Haya, simama kama Boualem," aliwaambia, akimtaja mmoja wa watu wa ukuta, na wote wakajua maana yake. Mama Fatiha, ambaye mwanawe Miloud ni mtu wa ukuta tangu aote ndevu, alikunja goti, akategemeza mgongo, akashusha pumzi ndefu.

"Kumbe unapumzika hivi! Watoto wabaya hawa, wametuficha muda wote."

Wanaume waliambiwa kwamba Hajja anatengeneza ukuta, wakahamia kwa muda mkahawani. Waliporudi, kila palipokuwa na doa la bega palikuwa na mwanamke aliyechorwa, kimo chake kamili, nguo zake za kila siku, goti limekunjwa. Hajja alikuwepo, Mama Fatiha alikuwepo, na mwisho kabisa Wassila alijichora mwenyewe. Hakuna aliyeshika kapu wala mtoto. Hawakuwa wakifanya lolote, na hapo ndipo kosa lilipokuwa.

Boualem alikwenda moja kwa moja mahali pake akaweka mgongo.

"We, toka!" Miloud alipiga kelele. "Huyo ni mama yangu!"

"Ni rangi, ndugu yangu."

"Rangi ya mama yangu! Mgongo wako kamwekee mama yako!"

Ukuta mzima hapakuwa na pa kuegemea bila kumwegemea mama au dada wa mtu. Wakabaki katikati ya njia, mikono inaning'inia. Jioni hiyo walimtuma Nadir, kaka yake Wassila, awe msemaji wao.

"Dada, futa. Umetuaibisha. Na sisi tusimame wapi?"

Wassila alipandwa na hasira. "Unaniuliza mimi? Jioni moja tu mmekosa mahali pa kuweka migongo, mmeshaunda ujumbe! Sifuti."

Basi wakaamua kufuta wenyewe. Lakini waliposhika brashi, mambo yakawa yaleyale: hakuna aliyekubali mwanamume mwingine ampitishie brashi mama yake kifuani. Ikabidi kila mmoja aje na ndoo yake ya chokaa, amfute wa kwake. Nilikuwa mlangoni kwangu na nilichukia sana. Miloud alimfuta mama yake kwa upole, kuanzia miguuni, na Mama Fatiha mzima mzima akimtazama kutoka dirishani. Hajja hakufutwa, maana mwanawe yuko ng'ambo, Marseille, na hapakuwa na mwenye haki naye. Ati haki!

Nadir alipofika mwisho wa ukuta na brashi inayochuruzika, Wassila alitoka, akasimama mbele ya picha yake mwenyewe. Akaweka mgongo, akakunja goti.

"Ondoka, Wassila."

"Sina pa kwenda."

"Unasubiri nani hapo?"

"Sisubiri mtu."

Brashi ya Nadir ilisimama hewani. Boualem, aliyechoka kungoja, akanyoosha mkono. "Lete nikumalizie."

Nadir akamsukuma kifuani. "Usimguse dada yangu!"

Watu wa ukuta wakanung'unika kumuunga mkono, hilo walilielewa. Wassila ndiye aliyekasirika kuliko wote.

"Na wewe je, nani kakupa ruhusa? Mimi si wako wa kulindwa wala si wako wa kufutwa."

Nadir alimsogelea, sauti imeshuka, karibu kulia. "Twende nyumbani, nakuomba. Watu wanakutazama."

"Wamenitazama tangu nizaliwe, Nadir, nikiwa nakimbia. Leo nimesimama, waache watazame."

Nadir alisubiri, akidhani dada yake atabadili mawazo. Kisha akaokota ndoo yake, akaenda peke yake. Wenzake walirudi mkahawani, na Wassila akabaki pale mpaka adhana ya magharibi, mikono mitupu.