Birika Lisiloepuliwa

Mzee niliyekuwa nikimtunza mtaa wa Wattaya, mjini Maskati, alikuwa kipofu, na sijawahi kumjua mtu mwenye macho aliyependa filamu kama yeye. Alizaliwa Unguja, akasoma huko Kiingereza cha shule za zamani, na ugonjwa wa sukari ulipomchukulia macho, masikio yalibaki mazima. Mimi ni mtu wa Morogoro, nilikuja Maskati kufanya kazi za nyumbani, na Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Basi tukagawana kazi. Yeye alinifasiria maneno, mimi nikamweleza picha. Kila siku baada ya sala ya alasiri tulikaa mbele ya televisheni, na nakiri siku nyingine niliunguza vitunguu kwa kuwahi mwanzo.

Siku ile ilikuwa filamu ya Kiingereza, mji wa mvua, watu wasiocheka. Muuaji wa kukodiwa, mtu mzima mwenye koti zuri, ametumwa kumuua rafiki yake aliyemfundisha kazi. Hataki. Anakwenda kwa rafiki, anakunywa chai, anarudi hotelini anasafisha bastola, kesho anakwenda kunywa chai tena.

"Maskini, katumwa," mzee alisema. "Aliyetumwa hana raha hata akilala."

Na mimi nilikuwa nimetumwa.

Miezi miwili kabla, mdogo wa kike wa mzee, ndugu pekee aliyebaki Unguja, alifariki. Binti wa mzee, ambaye ndiye aliyeniajiri, aliniita jikoni macho yamemwiva, akasema baba asiambiwe, moyo wake hautastahimili. Ndivyo walivyo watu wa nyumba ile: mgonjwa hapewi tanzia. Walisoma hitima kwa jamaa zao mtaa wa Ruwi, wakarudi na sahani ya biriani, wakamwambia mzee wametoka harusini. Mzee akala, akawaombea maharusi. Mimi niliachiwa Alkhamisi. Kila Alkhamisi asubuhi alitaka kumpigia simu dada yake, na saa hizo wote wako maofisini. Nilikuwa nikibonyeza bonyeza simu, kisha nasema, "Babu, mtandao wa Unguja mbovu leo." Niliwachukia kwa hilo. Nilijichukia na mimi pia, maana nilikuwa nimeshazoea.

Filamu ikafika mwisho, pahala pasipo maneno, kwa hiyo zamu ilikuwa yangu.

"Hebu nambie," mzee alisema.

"Wako jikoni, Babu. Rafiki kabandika birika la chai. Kampa mgongo. Huyu mwingine yuko mlangoni, ametoa bastola."

Mlio ukasikika. Rafiki alianguka pale pale, shavu kwenye sakafu, kikombe kimeviringika hadi mguu wa meza.

"Kapiga ukuta," nikasema. "Ameshindwa, Babu. Ameiweka bastola mezani."

Sikuwa nimepanga. Nilichoka tu kuwa na maiti nyumbani isiyosemwa, nikaona huyu mmoja angalau nimwache hai.

Mzee aliinamisha kichwa akisikiliza. Birika la kwenye filamu lilikuwa likipiga mluzi, likaendelea, likaendelea. Kisha akaniambia nizime televisheni.

"Mwanangu," akasema, "birika linachemka na hapana anayeliepua. Mwenye nyumba kafa."

Niliiweka rimoti mezani.

"Na sauti hiyo uliyonambia kapiga ukuta, nnaijua. Ndiyo hiyo unayonambia mtandao mbovu."

Niliogopa kufukuzwa kazi, nasema kweli. Niliogopa zaidi kwamba moyo wake ungesimama mbele yangu, kama binti yake alivyosema. Lakini uso wake ulikuwa umenielekea, unangoja, na sikuwa na uongo mwingine.

"Lini?" akauliza.

"Miezi miwili iliyopita, Babu. Alilala tu, hakuamka."

Moyo wake haukusimama. Alipapasa mkono wa kiti, machozi yakamtoka bila sauti.

"Miezi miwili nnamwombea afya," akasema. "Kumbe ilikuwa nimwombee rehema."

Akaniomba maji ya udhu. Nikaleta bakuli na jagi, nikammiminia mikononi taratibu kama kila siku, na aliponawa hadi viwiko alinishukuru, kwa sauti ile ile ya kila siku. Nilitamani anigombeze.